Robo Saa Zinazopotea

Mimi si mtu wa kuchezewa na saa, naomba hilo lieleweke mapema. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtunza saa wa kiwanda cha nguo. Saa kumi na nne za ukutani, kuanzia ya langoni mpaka ya jikoni kwa wapishi, na kila asubuhi nilizipitia zote, daftari kwapani, naandika ipi imechelewa, ipi imekwenda mbele, na kwa dakika ngapi. Wafanyakazi wakanibandika jina la Mzee Dakika. Walidhani wananitania, kumbe mwenzao nalipenda. Hata mke wangu akitaka kunichokoza huniita hivyohivyo.

Sasa mtu kama huyo anastaafu, anatulia kwake, halafu kompyuta ya mezani inampiga chenga mchana kweupe. Nilikasirika, sitaficha.

Ilianza Jumatatu moja. Kila siku saa kumi jioni binti yetu hutupigia simu ya video. Anaishi mbali, safari ya ndege ya saa saba, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Tungeweza kutumia simu ya mkononi, lakini mke wangu anataka kioo kikubwa alione tumbo vizuri. Nikawasha kompyuta, nikatupa jicho pale chini kwenye kona: saa kumi kasorobo. Nikatazama mkononi: saa kumi kamili. Nikadhani macho yangu. Nikasikiliza redio ya jirani, nayo ikatangaza saa kumi. Kompyuta ilikuwa imepoteza robo saa nzima.

Nikairekebisha kwa mkono. Kesho yake ilikuwa sawasawa, kwa nukta. Keshokutwa, imechelewa tena dakika kumi na tano. Nikarekebisha. Alhamisi, kumi na nne. Nikasema haya, sasa imekuwa vita.

Daftari nililokuwa nalo nyumbani lilikuwa na kazi yake tayari, nayo ilikuwa kubwa kuliko saa. Mke wangu ana pumu. Tulikuwa na tiketi mbili za kwenda kwa binti yetu, mama akampokee mjukuu na kukaa naye miezi mitatu. Tangu siku aliposikia habari ya ile mimba hakuwa na wimbo mwingine. Alishafuma vikofia sita na blanketi moja, na sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda cha wageni, kila siku anatia kitu na kutoa kingine. Lakini daktari wa kifua alituambia waziwazi: atapanda ndege ikiwa pumu imetulia wiki nne mfululizo. Ile mashine yake ya kuvutia dawa isitumike zaidi ya mara mbili kwa wiki. Ikizidi hapo, safari hakuna, kwa sababu akibanwa huko angani hakuna wa kumkimbiza popote. Kisha akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye utakayeandika. Nakuamini."

Usimwambie mtu kama mimi neno hilo. Siku hiyohiyo nilichora mistari kwa rula, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: KIFUA. Chini yake nikaandika maelezo ya muuguzi, neno kwa neno: dozi moja, robo saa, mashine ichomekwe kwenye stabilaiza tu. Maana mashine ya kwanza iliungua kwa sababu umeme wa kwetu unapanda na kushuka unavyotaka. Stabilaiza tuliyo nayo, kile kiboksi cha kutuliza umeme, iko sebuleni, ina matundu mawili, na moja liliyeyuka zamani kwa sababu ya pasi. Kwa hiyo mashine ikihitajika, kompyuta inachomolewa, inapisha. Na kila mara mke wangu alipoihitaji alikuwa ananiita, naiwasha mwenyewe, namshikia barakoa, naangalia saa, naandika.

Wiki ya kwanza aliniita mara moja. Wiki ya pili na ya tatu hakuniita kabisa. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nikimwonyesha ukurasa ule mweupe, naye anasema, "Umeona eh."

Hivyo saa ya kompyuta niliianzishia upande wa pili. Nililigeuza daftari juu chini, nikaanza kwa nyuma, nikaandika: SAA.

Kilichonivuruga akili si kuchelewa. Saa zote huchelewa. Ila saa inayochoka huchoka kidogokidogo, dakika moja leo, moja kesho. Hii ilikuwa inakatwa vipande. Kumi na tano. Sifuri. Kumi na tano. Kumi na nne. Wiki iliyofuata: kumi na tano, kumi na tano, thelathini, kumi na sita, thelathini. Halafu siku moja arobaini na tano. Nilishika tama mbele ya kile kioo hadi mke wangu akaniuliza kama nimefiwa.

"Wewe umeizima kompyuta nikiwa sipo?" nikamuuliza.

"Mimi na kompyuta wapi na wapi," akasema. Alikuwa amekaa akimenya viazi. Siku hizo alikuwa anamenya amekaa, na kufagia alianza kufagia chumba kimoja kimoja, anapumzika katikati. Niliona. Nikadhani ni umri.

Nikamwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye miwani mizito ambaye duka lake liko mtaa wa nyuma. Alinipa shikamoo, akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, kisha akaingia kwenye mipangilio na kugeuka kunitazama.

"Mzee, mbona hii ya kujirekebisha saa yenyewe kwa intaneti imezimwa?"

"Niliizima mimi."

"Kwa nini?"

"Iliwahi kuruka saa nzima mbele bila kuniuliza. Saa ya nyumbani kwangu naiweka mimi."

Alisukuma miwani yake juu, kwa adabu. Nilijua anajizuia kucheka. Akachomoa kibetri kidogo cha duara kutoka kwenye ubao wa ndani, akakipima, akanionyesha. "Tatizo hili hapa. Hiki ndicho kinachoendesha saa kompyuta ikikosa umeme. Kimechoka. Bado kinakumbuka tarehe, lakini hakina nguvu ya kuitembeza saa. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata kama umeizima kwa kitufe, saa inatembea. Ukiichomoa ukutani, saa inasimama. Ukiichomeka, inaendelea pale ilipoachia."

"Kwa hiyo ikipoteza robo saa..."

"Imekaa robo saa bila umeme. Ni umeme kukatika, au kuna mtu anachomoa."

"Hakuna anayechomoa. Mimi nazima kwa kitufe. Kinachochomekwa pale zaidi ya kompyuta ni mashine ya mke wangu, nayo haijatumika wiki mbili na ushee. Nimeandika." Nikampigapigia daftari.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji cha mgeni. "Mwekee tu betri mpya, mwanangu," akasema. "Yaishe. Mzee huyu halali vizuri kwa ajili ya saa."

"Haiwekwi," nikasema. "Betri mpya itaificha tu. Mimi sitaki saa ipone. Nataka kujua nani anaikata."

Fundi akatutazama, mimi na mke wangu, akarudisha kile kibetri kilichochoka mahali pake. Kipya aliniachia mezani ndani ya kikaratasi chake, nikikihitaji. Mke wangu akaweka kikombe chini, akarudi jikoni polepole, mkono ukutani.

Kama ni umeme, kuna mtu mmoja angejua: fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye cherehani yake ya umeme inanguruma asubuhi mpaka jioni. Nikaenda. Akaniapia kwamba umeme haujakatika wiki nzima, na kwamba ukikatika hata kidogo yeye ndiye wa kwanza kulalamika mtaani. Hilo ni kweli, tunamsikia.

Basi ni mtu. Lakini mtu gani? Nyumbani tuko wawili. Asubuhi kuanzia saa tatu mpaka saa sita mimi huwa kwa kinyozi, pale ndipo wastaafu tunasoma magazeti ya bure na kubishana. Mke wangu yuko ndani. Nani angeingia, achomoe kompyuta, akae robo saa, aichomeke tena, aende zake bila kuiba hata kijiko? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikala nalo. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kupotea. Ilifika mahali nikawa nashuku nafsi yangu. Labda ninaichomoa mwenyewe na kusahau. Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Kiwandani tulikuwa na njia yetu ya kumkamata aliyechezea saa ya kugongea kadi. Unachora mstari mwembamba wa chaki, nusu kwenye plagi, nusu kwenye tundu. Mtu akichomoa na kurudisha, mistari haikutani. Nikachora. Niliporudi kutoka kwa kinyozi nikapiga magoti na kurunzi. Mistari ilikuwa imepishana kwa upana wa njiti ya kiberiti, na saa imepoteza dakika thelathini.

Nilihema. Kidogo nilifarijika, maana kumbe sijachanganyikiwa. Jioni hiyo, baada ya simu ya binti, nikamtangazia mke wangu: "Kesho siendi kwa kinyozi. Nakaa hapa na kiti changu mbele ya tundu. Atakayekuja atanikuta."

"Kesho ni Jumatano," akasema. "Watabishana nini bila wewe?"

"Watabishana vibaya."

Hakucheka. Alikunja blanketi la mtoto, akalikunjua, akalikunja upya. Keshokutwa, Alhamisi, ilikuwa siku ya daktari, wiki ya nne inatimia.

Saa tatu asubuhi nikaweka kiti. Mgongo wangu ulikuwa unakaribia kugusa stabilaiza, uso mlangoni. Mwizi angelazimika kunipanda kichwani. Mke wangu akapita na ndoo. Baada ya muda akapita tena.

"Huendi kweli?"

"Siendi."

"Chumvi imekwisha."

"Nitanunua mchana."

Saa nne akaniuliza kama nisingependa kunyoosha miguu nje, jua ni zuri. Nikamwambia jua nimeliona. Alisimama pale kwa kitambo, kanga yake kaishika kifuani kwa mikono miwili, kama anataka kusema neno. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia akikohoa mara mbili, kikohozi cha kuzibwa na mto. Nikajiambia ni vumbi la kufagia. Naapa ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nimekazia macho mlango wa mbele.

Saa tano kasorobo mlango wa chumbani ukafunguka. Alikuwa ameshika fremu. Mabega yalikuwa yanapanda hadi masikioni na kushuka, na katikati yake hakuna hewa, sauti nyembamba tu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alitaka kusema akashindwa. Alinyoosha kidole. Nikageuka kutazama anachonyooshea, na nyuma yangu hapakuwa na kitu isipokuwa tundu nililokuwa nalilinda.

Hata hapo akili ilichelewa. Nilisimama, nikapiga teke kiti, nikawa nahangaika mara nimshike yeye, mara nikimbilie kabati la mashine. Yeye akapita. Mashine ilikuwa chini ya kanga, alikuja nayo. Akapiga magoti na bila hata kuangalia, kichwa kimelala ukutani, mkono wake ukaenda nyuma ya stabilaiza, ukachomoa plagi ya kompyuta na kuingiza ya mashine. Mkono ule ulijua njia. Ulikuwa umeshafanya hivyo mara nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa sakafuni karibu naye.

Mashine ikaanza kunguruma. Mvuke ukatoka pembeni ya barakoa. Kwa mazoea ya maisha yangu yote, mkono ukatoa daftari na kalamu. Lilifunguka upande wa nyuma. Kumi na tano, kumi na tano, thelathini, kumi na sita, thelathini, arobaini na tano. Nikaligeuza. Upande wa mbele, juu kabisa, kwa mwandiko wangu wenyewe: dozi moja, robo saa. Chini yake ukurasa mweupe niliokuwa najivunia. Kila siku kompyuta ilikuwa inanihesabia pumzi za mke wangu, na mimi naikasirikia.

Niliona haya. Niliogopa pia, kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu hesabu ile ilikuwa inapanda.

Rangi ya midomo iliporudi akashusha barakoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeandika."

Ningeandika, ndiyo. Ningeandika kwa rula. Nikaweka kalamu chini.

"Nikiacha kuandika," nikasema, "kesho daktari akiona ukurasa ni mweupe, utakwenda?"

Alivuta hewa yake na kuitoa. Halafu akasema, "Leo saa nne ningekuambia nitakwenda. Nilikuwa kule chumbani najihesabia, nikasema nitastahimili mpaka achoke kukaa, mbona kwenye ndege nitastahimili saa saba. Sikumaliza hata saa moja." Akafuta uso na ncha ya kanga. "Nilitaka nimshike akiwa bado mwekundu. Hicho tu."

Akanyoosha mkono nikampa kalamu, akalivuta daftari. Aliandika mwenyewe, upande wa mbele, siku kwa siku, na nilipomsomea mistari ya saa yangu alinisahihisha. "Jumapili ile uliyokwenda kumwona mgonjwa umeandika sifuri. Weka mbili. Siku hiyo uliiacha kompyuta ikiwaka, nikatumia soketi ya jikoni, nikabahatisha." Nilimtazama akiandika namba zitakazomfungia safari, kwa mwandiko wake wa duara. Mimi ndiye niliyelia.

Daktari alisoma ukurasa ule mara mbili. Akabadilisha dawa, akaongeza nyingine, akasema mama yuko hai kwa bahati, na safari hapana, si mwezi huu wala ujao. Mke wangu akaitikia "Sawa, daktari," kwa sauti ya mtu anayepokea chenji. Kwenye korido akaegemea bega langu akasema, "Sasa kaiwekee betri yako."

Sikuiweka. Kutoka pale nilimpeleka nyumbani, nikaenda dukani kununua stabilaiza nyingine, mpya, nikaiweka kando ya kitanda chake. Wiki tatu nilihangaika na saa, na tundu lililoyeyuka liko mbele ya macho yangu miaka yote hiyo, sikuwahi kuwaza kulishughulikia. Kompyuta haichomolewi tena, na saa yake haipotezi hata nukta. Kile kibetri kipya bado kiko kwenye kikaratasi chake.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, Jumanne. Binti alitupigia akiwa bado kitandani, amechoka, anacheka. Mke wangu alikuwa katikati ya dozi, kwa hiyo nilibeba kioo, nikavuta waya zake mpaka chumbani, nikakiweka juu ya sanduku la safari, ambalo alilifunga na kulihamishia pale, na hajataka litolewe vitu. Binti akafunua kitambaa. Mtoto alikuwa mwekundu kweli. Mke wangu hakuweza kusema kwa sababu ya barakoa. Alimgusa kwenye kioo, paji la uso, kisha shavu, na mkono mwingine ulikuwa ndani ya mkono wangu, umebana.

Tulikaa hivyo mpaka mashine ikaishiwa dawa na kuanza kukwaruza. Akashusha barakoa.

"Haya, Mzee Dakika. Ilikuwa dakika ngapi?"

Nikatazama mkononi, nikatazama kona ya kioo, na sikujua nilianzia wapi. "Sikuangalia," nikasema.

Alinitazama kwa mshangao, halafu akatabasamu kidogo. "Robo saa, kama kawaida. Andika."

Nikaandika robo saa, upande wa mbele, na chini yake nikaandika uzito wa mtoto kama binti alivyotutajia.